Kuhusu Gurupe Iliyofunikwa Mablanketi

CHAMA CHA KUSAIDIANA KATIKA MISIBA, KAMALONDO

Kikao cha dharura, Jumapili, tarehe 14 Januari 1962, uani kwa marehemu Stanislas, Kamalondo, Elisabethville.

Waliokuwapo: Bw. Clément (Mwenyekiti), Bw. Feruzi (mwanachama, mwenye lori), Bi. Kapinga (mjane wa marehemu), Mama Amida, wanachama wengine tisa, na Bw. Lucien Numbi (Katibu).

Hakuwapo: Bw. Désiré, aliyekimbilia kambi ya wakimbizi. Kiti chake kiliwekwa. Hakuna aliyekikalia.

KUMB. NA. 1/62: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane mchana, akaomba watu waseme kwa sauti ya chini. Katibu aliuliza kama amri ya askari inahusu midomo pia. Mwenyekiti alisoma ajenda ya pili.

KUMB. NA. 2/62: AMRI
Mwenyekiti alieleza kwamba mkuu wa doria amechukizwa na makelele ya gurupe, yaani mashine ya umeme ya chama, inayowasha taa kwenye vilio (matanga) tangu umeme ukatike katika mapigano ya Desemba. Ikisikika tena barabarani, itachukuliwa. Kwa kuwa kilio cha Stanislas kinafungwa Jumamosi, alipendekeza zitumike taa za mafuta.

Bi. Kapinga alikataa. Alisema: "Stanislas njo aliileta toka Kasumbalesa. Alikaa juu yake mu kamio (lori) mpaka huku, bantu basiibe. Kilio ya kila muntu iliwaka. Ya kwake ikuwe mu giza?"

Katibu alisema kwamba mji uliostahimili mizinga ya Desemba hauwezi kushtushwa na taa nne za msiba, na kwamba aliyechoka kusikia vilio aache kwanza kuvisababisha. Mwenyekiti alimwamuru akae. Katibu alikuwa amekaa.

KUMB. NA. 3/62: MABLANKETI
Ilielezwa kwamba juzi Mwenyekiti, bila kumuuliza mtu, aliifunika gurupe kwa mablanketi ya chama, yale tunayowafunika wafiwa. Sauti ilipungua kweli. Kisha harufu ya kuungua ilijaa uani, na blanketi moja likashika moto karibu na tangi la esansi, yaani petroli.

Bw. Feruzi alisema: "Prezida, ile iko mashine, haiko mugonjwa ya malaria. Ukiifunika, itapumua wapi?"

Mwenyekiti alijibu kwamba alitafuta amani ya mtaa. Mama Amida aliomba kujua kama ni amani iliyotoboa blanketi. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

KUMB. NA. 4/62: KUPUNGUZA SAUTI
Bw. Feruzi, baada ya kujisifu kwa kirefu, alieleza kwamba kelele inatoka kwenye bomba la moshi na kwenye mtikisiko wa mashine. Alitoa kizuia-sauti cha lori lake la zamani, chenye bomba pana lisilobana moshi, kifungwe kwenye gurupe.

Mwenyekiti alishauri mashine ifichwe jikoni. Alikumbushwa kwamba moshi wake unaua bila kubisha hodi. Ilikubaliwa ikae nje, nyuma ya nyumba, kwa waya mrefu, juu ya vipande vya matairi. Bomba lielekezwe juu, mbali na madirisha. Ukuta wa matofali ujengwe upande wa barabara tu, usiiguse mashine. Kwa ajili ya mvua, bati liwekwe juu sana, pande nyingine ziachwe wazi ili hewa iingie na joto litoke. Mashine ikipata joto kupita kiasi, izimwe. Esansi isimiminwe kabla mashine haijapoa.

Kazi ilifanywa papo hapo. Gurupe iliwashwa ikaachwa iwake. Hakukuwa na harufu ya kuungua. Mama Amida alitoka kusimama barabarani, akarudi: "Ninasikia Feruzi anajisifu. Mashine, hapana."

KUMB. NA. 5/62: AZIMIO
Kilio kitafungwa Jumamosi kwa taa zote nne.

Mwenyekiti alipendekeza waombolezaji nao wapunguze sauti. Mkono ulioinuka ulikuwa wake peke yake. Bi. Kapinga alisimama akasema: "Gurupe tumeifunga kinywa. Mimi, hapana. Jumamosi nitamulilia bwana yangu mpaka bale ba doria bajue jina yake."

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yafutwe. Yamebaki.

Wajumbe waliondoka saa kumi na moja, gurupe ikiwa bado inawaka.

(Sahihi) Clément, Mwenyekiti, asiyekubali Na. 5
(Sahihi) Lucien Numbi, Katibu, anayeikubali mara mbili