Salamu Tano Mbele ya Kikosi Kazi

Shangazi,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi. Siku ile ya mafunzo sikuigiza. Watu wote ukumbini wanaamini niliigiza. Walinipigia makofi, na Afande Athumani akasema, "Huyu mtoto apelekwe Bongo muvi!" Lakini mimi niliogopa kweli, Shangazi. Ulimi uligoma.

Ngoja nianze vizuri, maana mengi yametokea bila wewe.

Ruzuku imekuja. Ile uliyokiombea kikosi kazi chenu cha kulinda watoto, wakakataa, ukaomba tena huku tayari unaumwa. Nakumbuka ulivyosema hapa Ihanja tukipepeta alizeti: "Magari kila mtu anaomba. Mimi naomba watu wafundishwe." Ulituacha alizeti zinachanua. Jibu lilikuja tumeshavuna. Bibi alipoambiwa akasema, "Mwanangu alikuwa king'ang'anizi," akaingia ndani.

Lakini wafadhili walitoa fedha za kikosi kimoja tu, kwa majaribio. Siku ya mwisho mjumbe wao angekuja kutazama zoezi. Akiona watu wamejifunza, mafunzo yangeendelea kwa vikosi vingine mkoani. Akiona wamekaa tu wakisubiri posho, yangeishia hapo. Koplo Neema, aliyepokea dawati lako pale kituo cha polisi, alikuja nyumbani kutafuta msichana wa kuigiza mtoto aliyepigwa. Bibi alicheka. "Huyu? Huyu hata jogoo akimtazama anainamisha kichwa." Nikasema nitakwenda. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilijua tu kwamba kazi yako haiwezi kufa kwa sababu mimi nina aibu.

Nilikariri maneno: naitwa Rehema, baba wa kambo ananipiga, jana amenipiga kwa waya. Niliyasema nikifagia, nikayasema chooni, nikayasema njia nzima. Nilikuwa nayo kabisa.

Nikaingia. Walikuwa wamekaa mstari mmoja: Koplo Neema, Afande Athumani, afisa ustawi wa jamii, muuguzi na mtendaji wa kijiji. Unajua tulivyolelewa, huwezi kumruka mtu mzima. Nikaanza mwanzo wa mstari. Shikamoo. Marahaba, hujambo? Sijambo. Shikamoo. Marahaba mama, hujambo? Sijambo. Mpaka mwisho. Kisha mtendaji akasema, "Haya binti, eleza shida yako."

Shangazi, nilikuwa nimeshawaambia watu wazima watano kwamba sijambo. Ningeanzaje kusema nimepigwa? Ningeonekana mwongo. Maneno yote yakapotea, nikabaki natazama viatu vyao. Afande Athumani akasema, "Mbona kuamkia umeamkia vizuri? Sema basi, mama, hatung'ati." Wakacheka kidogo, kwa wema tu. Machozi yakanitoka.

Mwezeshaji wa mafunzo akasimamisha zoezi. Akawauliza, "Mmemuuliza hali wote watano. Amejibu nini?" Hapo Koplo Neema akainuka. Aliwaomba wenzake wote watoke mbele, akavuta kigoda akakaa chini kuliko mimi, akaniambia, "Usiniamkie. Salamu tutapeana ukimaliza." Nikayasema yote, polepole, mpaka lile la waya. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

Mjumbe alikuwa mama mmoja mfupi, amekaa nyuma tangu asubuhi. Alisema ameona mazoezi mengi ya watu kujifanya wanajua. Hakuwahi kuona, mpaka siku ile, kikosi kikikosea mbele ya mgeni na kujirekebisha palepale. Fedha zinaendelea, Shangazi. Wanaofuata ni kikosi cha Itigi, halafu Iguguno.

Kituoni sasa mtoto anapokelewa na mtu mmoja tu, na salamu zinakuja mwisho. Bibi hakupenda. "Mtoto asiamkie wakubwa? Ndiyo mnayofundishana huko?" Alinuna kutwa. Kesho yake, akichambua mlenda, akasema bila kuniangalia, "Basi aamkie akitoka. Akitoka atakuwa na nguvu ya kuamkia." Ningependa ungemsikia. Ungecheka ukapiga paja. Mpaka leo nikisikia pikipiki inapunguza mwendo pale barabarani nasimama kukupokea mkoba, halafu nakumbuka. Basi. Nakaa tena.

Nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, ila sikai bure. Koplo Neema ameniomba niende Itigi kufanya zoezi lilelile, na Bibi amekubali. Nakuahidi nitakwenda kwa kila kikosi nitakachoitwa, mpaka kila mtoto anayesukuma mlango wa kituo akute mtu mmoja aliyekaa chini kumsikiliza. Naliweza hili. Tatizo ni kwamba siogopi tena. Juzi nilikutana na mtendaji dukani, nikamwamkia, nikamkumbusha mbele za watu kwamba bado ana jembe letu. Kwa hiyo huko Itigi, kwa mara ya kwanza, itabidi niigize. Nimeshaanza mazoezi ya kufanya sauti inipotee.

Pumzika, Shangazi yangu. Kazi yako inatembea, na mimi natembea nayo. Ila hili la kwamba sikuigiza libaki kati yetu wawili. Tafadhali, usije ukamtokea Afande Athumani ndotoni ukamwambia.

Mwanao,
Eliza