Pembe za Mbawala na Mama Mkwe

Jumapili, Oktoba

Zilikuwa zimebaki siku tatu tu mama mkwe arudi Moshi, nami nikashindwa kufunga mdomo.

Mwezi mzima ananisema kwamba mume wangu amekonda kwa mapishi yangu. Leo, kule Richmond Park, hifadhi ya mbawala huku ughaibuni, mlinzi akatueleza kinachokuza pembe za mbawala dume: chakula kina sehemu yake, lakini na damu ya kurithi pia, hata ya mama asiye na pembe. Tena wawindaji wakimaliza wenye pembe kubwa, wanaobaki kuzaa ni wenye vijipembe.

Nikamtafsiria Mama yote, nikikazia hapo kwenye damu ya mama. Raha niliyoisikia!

Tuliposhuka kwenye basi, akanigeukia.

"Mwanangu, damu hatuwezi kuibadilisha," akasema. "Chakula tunaweza. Nitabaki nimpikie mpaka Pasaka."