Panya Hali Udongo

Baba Nanyama,

Viazi viko kwa sufuria. Shati la safari nimeshapiga pasi.

Nimeenda Kaptagat, pale ulipochimba ule udongo wako, nikuletee mwingine. Wamekupa tuzo ya kwenda Uingereza uutazame kwa mikroskopu ya elektroni. Sasa utafikaje na mkebe mtupu?

Asubuhi ulilaumu panya, ukatega mtego. Utegue, Nanyama asije akaumia. Tangu lini panya akala udongo? Niliula mimi, kidogo kidogo, mpaka ukaisha. Nikiwa na mimba ya Nanyama nilikuwa namega ukuta wa jikoni nakula, na wewe unacheka. Leo hata hukuuliza.

~~Usiende.~~ Tukutane stesheni. Kabla treni haijaondoka, uniachie jina la mtoto.

Mama Nanyama