Koti la Kaka Lililopotea kwa Dobi

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisaidie maana hata chakula hakishuki. Kaka yangu Ilaitia alifariki mwaka jana, na Jumamosi ijayo tunavua nguo nyeusi za msiba nyumbani kwake Nausori, na mjane wake, wifi yangu Vasiti, amesema siku hiyo mwanawe atavaa koti la kanisani la marehemu, la kijivu, ambalo ameliacha nyuma ya mlango mwaka mzima bila kulifua, sasa mimi nilikwenda kumsaidia usafi nikaona lina doa la kinywaji cha kava kifuani, nikasema wacha nimfanyie wifi jambo jema, nikalichukua yeye akiwa sokoni anauza magimbi ya dalo, nikalipeleka kwa dobi wa mashine mjini Suva, na nilipolifuata mwenye duka, mzee Vinod, akapekua wee akanitolea koti la bluu.

Nikamwambia, "Mzee, hili si letu."

"Basi lenu limeondoka na mtu, dada. Soma hapo ukutani: nguo ikipotea hatuhusiki."

Nikamwonyesha tikiti. Akacheka. "Tikiti si koti, dada."

Vasiti naye kila siku analia, "Wifi, mwizi gani huyu, anaiba koti la marehemu anaacha redio?" na mimi naitikia kwamba Mungu anamwona. Lawama hii ni ya dobi au yangu?

Wifi mtu, Nasinu, Fiji

Wifi mtu, pole kwa msiba.

Dobi anawajibika. Alipopokea koti akakupa tikiti, kulitunza ikawa kazi yake, na maneno aliyojiandikia ukutani hayamtoi lawamani. Rudi kwake kesho asubuhi, sema kwa upole, lakini usiondoke. Lile la bluu lina mwenyewe, na huenda huyo ndiye aliyechukua la kijivu. Mzee Vinod afungue daftari lake awapigie simu wateja wa wiki ile, wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Akigoma, peleka malalamiko kwa watetezi wa wateja pamoja na nakala ya tikiti.

Hayo ni ya kesho. Leo una kazi nyingine, kwa sababu mzee Vinod hakuingia nyumbani kwa Vasiti. Unadhani Vasiti aliacha kulifua koti kwa uvivu, mama? Mwaka mzima ndiyo harufu ya mumewe iliyombakia, na wewe ukaona doa. Hata lingerudi limenyooshwa kama jipya, ungekuwa umeshampotezea kitu ambacho hakuna duka litakalomlipa. Kisha unakaa jikoni kwake mnamlaani mwizi pamoja. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Mwombe mkubwa wa ukoo wenu akusindikize kwa Vasiti na jino la nyangumi, kama tunavyoombana radhi. Keti chini, mlangoni, useme, "Ni mimi niliyelichukua." Usianze na doa wala na dobi. Akilia, mwache alie. Akikataa kulipokea hilo jino, rudi tena kesho yake.

Akilipokea, muulize mtoto atavaa nini Jumamosi. Na nguo yoyote atakayoitaja, usiiguse mpaka akupe kwa mkono wake.