Maoni ya Wimbo wa Nne

Jumapili, jioni. Mvua ilianza tukiwa kanisani ikaendelea mpaka saa sita, kisha jua likatoka kali, na sasa migomba yote nyuma ya nyumba inafuka mvuke. Mkono wangu wa kulia umevimba mpaka kiwiko. Ninaandika kwa wa kushoto, herufi moja moja kwenye simu, kwa hiyo nikikosea mnivumilie.

Leo nusura niue mtu.

Kwa asiyetufahamu: mimi na Koku tunapiga roki, wawili tu. Mimi gitaa na sauti, yeye dramu. Tunajiita Ngozi na Waya. Siku za kazi Koku yuko kwenye mashine ya kukoboa kahawa, mimi nashona sare za shule hapa Nyaishozi. Albamu yetu tuliirekodi ndani ya stoo ya kahawa ya baba yake, magunia yamepangwa ukutani kuua mwangwi. Tukaiita Mvua ya Mawe, tukaiweka mtandaoni, tukasubiri.

Maoni yalikuja. Mtu wa Mwanza aliandika kwamba dramu za Koku ni kama mtu anavunja mlango huku mwenye nyumba yuko ndani. Mwingine alisema sauti yangu imezama, nijifunze kuimba au ninyamaze. Dada mmoja alisikiliza akiwa jikoni, akajikata kidole, akatutumia picha ya kidole. Wengi waliuliza wanawake wawili wa Karagwe wamekasirishwa na nini hasa.

Wimbo wa nne hakuna aliyeusemea. Nadhani walikuwa wanauruka.

Unaitwa "Mkungu". Unamhusu Balthazari, jirani wa akina Koku, kibarua wa mashambani. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alizaliwa hapahapa na alikuwa na kibanja chake kidogo cha migomba. Mwaka juzi alikutwa njiani asubuhi na mkungu wa ndizi kichwani. Mtu akapiga yowe la mwizi. Wakatoka watu, wakampiga mpaka akafa kwenye mtaro wa barabara. Polisi walipofika kuuliza, kila mmoja alisema asubuhi ile hakuwepo.

Mkewe, Mama Domina, ndiye aliyeosha maiti. Alimsimulia Koku alama alizokuta mgongoni, zimepangana mistari mistari, kama zipu, alisema. Mnyororo wa baiskeli. Tulimwomba ruhusa ya kuimba jambo hilo, akatukubalia bila hata kuomba kusikia maneno. Jina hatukulitaja. Mwishoni mwa wimbo yule mtu anaomba: nisameheni, nisameheni. Neno hilo nalipigia kelele mpaka sauti inapasuka. Kipande hicho nilikuwa najivunia kuliko vyote.

Wazo la leo lilikuwa la Koku. Alisema maoni ya mtandaoni hayana uso, anataka kuona sura ya mtu anayeichukia kazi yake. Mwenye baa ya hapa senta akatuazima ua wake baada ya ibada. Tupige albamu nzima, kisha maiki izunguke, kila mwenye neno aseme.

Watu walijaa kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mishikaki, na kina mama waliotoka kanisani na vitenge vyao vya Jumapili. Mama Domina alikaa mstari wa mbele, mwavuli uliolowa umelala mapajani. Nyuma kabisa, kwenye meza yake ya kila Jumapili, alikaa Fidelis, anayenunua ndizi za malori. Mwenye kibanja yeyote huku anamfahamu, maana ndiye anayepanga bei. Mama Domina mwenyewe humuuzia.

Tukapiga. Koku alipiga vibaya sana, yaani vizuri sana, kama mtu anayetaka kuitoboa ile ngozi atokee upande wa pili. Kwenye wimbo wa nne nilifumba macho. Nilipoyafumbua Mama Domina alikuwa ameinamia mwavuli wake, na sikuweza kuusoma uso wake.

Maiki ikazunguka. Mwalimu wa kwaya alisema tunapiga kama tunaofukuzwa, lakini wimbo wa sita una sauti mbili zinazopatana, tungetengeneza hizo zaidi. Dereva wa bodaboda alisema haichezeki. Mama mmoja alisema binti zake wasisikilize, kisha akauliza tunauzaje. Watu wakacheka. Koku alikuwa anacheka pia, jasho linamtiririka.

Kisha Fidelis akaitaka maiki.

Alikuwa amekunywa, lakini hakuwa amelewa. Alisafisha koo kama mzee anayetaka kusema neno kwenye harusi. "Wimbo wa nne si wa kweli," alisema. "Mnasema mnyororo ulipita mgongoni mpaka akanyamaza. Uongo. Alikuwa ameshanyamaza nilipo..."

Akaacha hapo.

 Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati.

Mama Domina aligeuka kwenye kiti. "Endelea, baba," alisema. Hakupaza sauti.

Fidelis akaiweka maiki mezani. Akatazama lango. Koku alikuwa ameshatoka nyuma ya dramu, anapita katikati ya viti, na mimi namjua Koku, nilijua hatasimama. Alikwenda mpaka usoni pake. "Ulipofanya nini, Fidelis?"

Fidelis alimpiga kwa chupa mdomoni. Chupa haikuvunjika mara ya kwanza, ilivunjika ya pili. Nilisikia meno. Koku alianguka juu ya meza, damu ikamwagika kwenye mishikaki ya watu, naye bado alikuwa ameling'ang'ania shati la yule mtu asiliachie.

Sikumbuki kuamua. Nilikuwa na stendi ya maiki mkononi, ile yenye kitako cha chuma kizito, na nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu. Nilimpiga Fidelis kichwani. Alipopiga magoti nikampiga bega, kitu kikakatika ndani, na chuma kikanirudishia mtikisiko wote mkononi. Nikampiga tena.

Niliona raha.

Nasema ukweli kwa sababu hapa ndipo mahali pangu pa kuusema. Ilikuwa raha kuliko gitaa, kuliko makofi ya watu. Nilitaka ajikunje, akajikunja. Nilitaka apige kelele, akapiga.

Halafu wakaja wengine. Wale waliokuwa wanacheka na yule mama aliyeuliza tunauzaje. Mwalimu wa kwaya alikuwa na mguu wa kiti. Mtu alimkanyaga Fidelis mkono, mwingine alimpiga teke la mbavu kiatu kikamtoka. "Mmalizeni," mtu akasema, kisha wakasema wengi, na hawakuwa na hasira usoni. Walikuwa na ile haraka ya watu wanaowahi kushika nafasi. Kijana mmoja alikuja na dumu la petroli la pikipiki yake. Sikumzuia. Nilisogea pembeni nimpishe.

Mama Domina ndiye aliyeingia. Ni mwanamke mnene, mzito wa miguu, na aliwapita kwa kuwapiga mwavuli usoni, mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwa mmoja wao. Akaketi juu ya Fidelis. Kabisa, kwenye kifua, kama mtu anayekalia gunia lililojaa.

"Ondoka, mama, tumwashe," kijana wa petroli alisema.

"Niwashe na mimi basi. Sijamaliza naye."

Yule kijana akabaki ameshika dumu. Hakuna aliyerudi nyuma, lakini hakuna aliyepiga tena. Mama Domina aliinama mpaka uso wake ukakaribia ule uliojaa damu.

"Mume wangu alisema nini?"

Fidelis alijaribu kugeuza kichwa. Mama Domina akamshika taya, akamrudisha.

"Alisema nini? Nimeuliza huku nyumba kwa nyumba. Wote hamkuwepo. Wewe ulikuwepo."

"Alisema ni wake," Fidelis alisema. Ilitoka na mapovu. "Mkungu. Kwamba amekata kibanjani kwake."

"Kwa lugha gani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini Fidelis alielewa swali. "Kiswahili. Halafu Kinyambo. Halafu Kirundi. Alikuwa anarudia."

"Hakuomba msamaha?"

"Hapana."

"Hata mwisho?"

"Hakuomba, mama. Alisema ni wake mpaka akanyamaza."

Mama Domina aliiachia ile taya. Halafu akanitafuta kwa macho. Mimi, na ile stendi bado mkononi.

"Umesikia, mwanangu? Mmemfanya mtu wa kuomba. Alikuwa na mkungu wake. Lile neno liondoeni."

Nilisema ndiyo, mama. Hata shikamoo sikuwa nimempa tangu asubuhi, na jambo hilo ndilo lililokuja kichwani wakati ule, sijui kwa nini.

Polisi walimkuta bado amemkalia. Walimbeba Fidelis kwenye machela, anapumua. Alipokuwa anapakiwa, Mama Domina aliwafuata akiwarudishia maneno yote ya mumewe, Kiswahili, Kinyambo, Kirundi, mpaka askari mmoja akakubali kuandika. Sisi tulimpeleka Koku kituo cha afya kwa pikipiki, nimekaa nyuma nimeukumbatia mgongo wake ili asianguke. Wamemshona mdomo nje na ndani. Meno ya mbele yamekwenda. Mganga aliutazama mkono wangu, akauliza nimeanguka wapi.

Na huku mtandaoni kumbe mtu alirekodi. Video imesambaa, na wimbo wa nne, uliokuwa haupati hata msikilizaji wa bahati mbaya, sasa wanausikiliza watu wa mahali nisipopajua. Maoni hayahesabiki. Wanasema ni wimbo wa mwaka. Wanasema pale penye nisameheni wamelia. Mmoja ameandika kwamba ndiyo sauti ya kweli kabisa aliyowahi kusikia.

Nimeufuta saa moja iliyopita. Tayari wananitukana. Tutaurekodi upya mkono wangu ukipona na Koku akiweza kukaa bila kizunguzungu, na mwisho wake utakuwa ni wangu, kwa lugha tatu. Wakiupenda wa kwanza kuliko huo, shauri yao.

Koku yuko kitandani hapa pembeni yangu. Hawezi kuongea, ananitumia ujumbe kwa simu wakati tumeachana hatua mbili. Ametaka uji, nimempa kwa mrija. Ametaka kioo, nimemnyima. Kisha akaandika swali: uliacha kumpiga mwenyewe, au ulizuiwa?

Nilitaka kumwandikia kwamba niliacha. Vidole vilikuwa vimeshaanza.

Nikafuta, nikaandika: nilizuiwa.

Aliusoma, akasogea ukutani ili nipate nafasi ya kulala.

Kesho asubuhi ninatakiwa kituoni kutoa maelezo. Wataniuliza nani alimpasua Fidelis kichwa. Nitasema ni mimi, na kwamba nisingeacha.