Sura ya Tisa na Jina la Mama

Jumamosi. Huku Mutuini, pembeni mwa Nairobi, kumeamka na ukungu, na chai niliyoipika imepoa mezani bila kuguswa. Nangoja tangu siku nilipompelekea Baba mswada wa kitabu changu kipya. Mpaka leo hajaniambia neno. Nikipiga simu anampa Mama, na Mama ananiambia kwamba babako anapumzika. Baba huyu ninayemjua mimi hajawahi kupumzika mchana ila Ramadhani.

Jumatatu mhariri wangu anataka jibu. Sura ya tisa inabaki, au inatoka?

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nimetoa riwaya moja na diwani moja ya mashairi. Hiki cha tatu si hadithi wala ushairi. Ni kitabu cha kweli kuhusu jamaa zangu, waliotoka Mombasa wakaja kuishi ghorofani katikati ya Nairobi, karibu na msikiti ambao Baba amefundisha watoto Kurani tangu sijazaliwa. Watu huniuliza kwa nini narukaruka, mara riwaya, mara shairi, mara historia. Mimi hucheka tu. Ukweli ni kwamba nimekuwa nikisema jambo lile lile, nikilibadilisha nguo.

Jambo lenyewe ni hili. Baba yangu, Maalim Sefu, anasifika kwa mashairi. Hakuna arusi ya watu wa pwani hapa mjini ambayo hajaalikwa kusoma. Akisimama na kanzu yake, watu huacha pilau. Na mashairi yote yale ametunga Mama.

Baba ana sauti. Vina hana.

Nilikua nikiliona. Mama akikuna nazi jikoni, anatunga kwa mdomo, ubeti baada ya ubeti. Baba amekaa sebuleni, upande wa pili wa pazia, na kikombe chake cha kahawa. Mama akimaliza ubeti, Baba husema, "Rudia." Mama hurudia. "Rudia." Mpaka aushike. Na ubeti wa mwisho, ule ambao mshairi hujitaja ili watu wajue nani kasema, Mama alikuwa akitia jina la Sefu. Hakuna aliyemwamrisha nikisikia. Ndivyo tulivyoishi.

Katika riwaya yangu nilimweka mume anayesoma mashairi ya mkewe kama yake. Baba aliisoma yote, akanirudishia akicheka. Alisema yule mume ni mjinga, na kwamba kwetu watu wangemchana kwa maneno. Nilimtazama usoni nione kama anajificha. Sikuona kitu. Katika diwani nikaandika shairi la mwanamke anayepika karamu halafu anasikia nyuma ya ukuta mgeni akimshukuru mwingine. Baba alilisoma kwa penseli, akanionyesha mshororo mmoja uliopungua mizani, basi.

Sasa, katika sura ya tisa, nimeandika majina. Sefu bin nani, Zuhura binti nani, mtaa gani, arusi ya nani. Na Baba amenyamaza.

Naogopa. Nikiichapisha sura hii, mzee wa watu atapita vipi uani mwa msikiti, na wanafunzi wake wanamwangalia? Nisipoichapisha, Mama atazikwa siku moja na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba nusu ya arusi za mji huu zililia kwa maneno yake. Kila nikichagua upande mmoja, mwingine unanishika nguo.

Asubuhi Mama Nyambura, mwenye nyumba wangu, alikuja kuangalia kama maji yamerudi. Yeye ni msomaji wangu mkali kuliko wote. Ana shamba dogo la mboga za sukuma wiki nyuma ya vyumba vya kupangisha, na riwaya yangu aliisoma akiwa ameketi juu ya debe katikati ya sukuma zake. Aliniuliza kama kitabu kipya kina yule mzee wa kuiba mashairi.

"Huyo mzee alinikasirisha," akasema. "Lakini huyo bibi yake pia. Kitabu nzima, hakuna mtu alimuuliza yeye anataka nini. Hata wewe uliyeandika."

Nilimwambia kwamba ile ni riwaya tu, Mama Nyambura. Akasema sawa, akaenda kufungua mfereji.

Muthoni alipiga simu saa nne. Yeye ndiye mhariri wangu, ofisi yake iko kwenye nyumba ya zamani Lavington, lango limefunikwa na maua, na kuna askari anayekuuliza unaenda kwa nani hata kama alikuona jana. Alikuwa na haraka. Wachapaji wanamsukuma, na ukumbi wa uzinduzi kule Karen umeshalipiwa. Nikamweleza kwamba bado nangoja ruhusa ya Baba.

"Sawa, daddy ana mswada. Na mum? Mum alisema aje?"

Nikamwambia nitamwandikia jioni, nikakata simu.

Mama hajasema kitu kwa sababu Mama hakuulizwa. Nilichapisha mswada nakala moja, nikaufunga kwa bahasha, nikampa Baba mkononi, kwa heshima, kama tulivyolelewa. Kwetu makaratasi hupitia kwa baba. Mimi, mwandishi niliyekwenda kumrudishia mama yangu jina lake, nimekwenda kuomba ruhusa kwa mumewe.

Nilikaa kitandani nikajisikia vibaya kweli. Kisha nikavaa viatu.

Nilifika mjini baada ya adhuhuri. Baba alikuwa sebuleni, tasbihi mkononi, na bahasha yangu iko juu ya kabati, karibu na msahafu lakini si juu yake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaendelea kuhesabu. Nikapita pazia, nikaingia jikoni.

Mama alikuwa amekaa juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, akitunga beti kwa mdomo. Nilichutama mbele yake, nikamweleza yote. Kwamba kuna sura. Kwamba inasema mashairi ni yake. Kwamba Jumatatu inachapwa au haichapwi. Nilisema polepole, nikijua pazia halizuii sauti, na sebuleni tasbihi ilikuwa bado inagonga.

Hakushangaa. Aliniambia Baba alikuwa amemsomea sura yote, usiku ule ule nilipoileta. Siku zote hizi nilidhani ananificha hasira, kumbe alikuwa amekwenda pale nilipopaswa kwenda mimi.

"Umeandika babako alichukua," Mama akasema. "Hakuchukua. Mimi nilimpa. Alitakiwa shairi la arusi ya nduguye, akakaa usiku kucha analia kwa kukosa neno. Ningemwacha?"

Nikasema nitabadilisha. Nitaandika ulimpa.

"Andika. Lakini jina, Rukia." Akaacha kukuna. "Jina sikulitoa. Nilitia lake mara ya kwanza, langu likaenda tu. Yeye hakuniuliza, na wewe hukuniuliza. Mnanipita wote wawili mkinifanyia wema."

Nilimwomba radhi. Sikuwa na maneno mengine, na mimi ndiye mwenye vitabu nyumba nzima. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa kiganja. Kisha nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kuandika hata neno moja. Nikamuuliza anataka nini.

Mama alimaliza kifuu kimoja, akakikung'uta, akashika kingine. Halafu akaanza kukuna tena, na kwa sauti ile ya utotoni mwangu, si ya juu si ya chini, akasema:

Kaditamati nakoma, jina langu nalitaja,
Miaka nilisimama, mlangoni nikingoja,
Sisemi kwa kulalama, wala sileti vioja,
Zuhura ndiye wa nyuma, leo mbele amekuja.

Sebuleni tasbihi ilinyamaza.

Nilishika ukingo wa meza. Nilingoja kiti kisukumwe, nilingoja mlango ubamizwe, nilingoja aniite kwa jina langu lote kama alivyokuwa akifanya nikikosea. Mama hakugeuka. Aliendelea kukuna, lakini nazi ilikuwa inaanguka nje ya sinia.

"Rudia," Baba akasema.

Mama akarudia. Nikamsikia Baba akifuata nyuma yake kwa kunong'ona, mshororo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika penye jina alikwama. Mama akangoja.

"Rudia hapo mwisho."

Mama akamrudishia mshororo mmoja tu, polepole, kama anayempa mtoto dawa. Na Baba akausema. Sauti yake haikuwa ile ya arusini. Ilikuwa ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Lakini aliusema, na jina akalitaja.

Hakuongeza neno. Alitoka kwenda kuswali alasiri, na alipopita penye pazia sikumwona uso. Bahasha aliiacha juu ya kabati. Sikujua kama niichukue.

Nimerudi Mutuini na nguo zangu bado zinanuka nazi. Nimeshamwandikia Muthoni. Sura ya tisa inabaki, lakini si ile aliyonayo. Naiandika upya kwa maneno ya Mama, na itafungwa na ubeti wake. Amejibu kwa neno moja tu, "Lini?" nami nimemwambia anipe wiki. Hajafurahi. Bora akasirike yeye.

Ila kuna jambo linalonikosesha raha. Jumamosi ijayo kuna arusi, na Baba ameshaalikwa kusoma. Shairi lenyewe ni hili Mama alilokuwa akilitunga leo juu ya mbuzi. Ubeti wa mwisho ndio uliokuwa umebaki. Wakati naondoka, Mama alinishika mkono mlangoni, akaniambia nije nimchukue siku hiyo. Hajawahi hata mara moja kwenda kumsikiliza Baba akisoma.

Kwa hiyo nitakaa naye upande wa wanawake. Tutamsikia Baba akianza, watu wataacha pilau, na atakuja mpaka ubeti wa mwisho, mshororo wa mwisho. Kusema nyumbani amesema. Mbele za watu, atataja jina la nani?