Risasi Tano kwenye Karatasi ya Sharifa

Jumapili, saa kumi jioni. Bigwa.

Mawingu yameshuka mlimani tangu asubuhi na hayataki kupanda. Manyunyu yanakuja, yanaacha, yanakuja tena. Nimekaa barazani na simu yangu, bega la kulia linaniuma kwa kitako cha bunduki. Nina jambo la kuungama, na bora niliandike sasa kabla sijaanza kulipamba.

Jana nilipata sifuri.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni muuza mboga, nina miaka arobaini na mmoja, na tangu kiangazi nimo kwenye mafunzo ya mgambo ya kata yetu. Nilijiunga kwa ubishi tu. Jirani alisema mwanamke wa umri wangu akilala kifudifudi hanyanyuki. Nikamwambia tutaona. Siku ya kwanza kweli sikunyanyuka, walinivuta mkono.

Anayetufundisha shabaha ni Afande Chausiku, mstaafu wa jeshi, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Anajitolea. Hana posho wala usafiri, anakuja kwa miguu na chupa yake ya chai. Miezi mitatu hatukuiona risasi hata moja. Tulilala kwenye nyasi na bunduki za mbao, sarafu imewekwa juu ya mtutu, unaminya kidole polepole, pumzi umeibana. Sarafu ikianguka unaanza upya. Mimi mikono iliyozoea kufunga mafungu ya mchicha haraka haraka, sarafu ilianguka mpaka nikaichukia sura ya aliyechorwa pale.

Ana masharti mawili. Asiyehudhuria mkutano wa mtaa hagusi bunduki, na anamaanisha, kuna kijana mzima alirudishwa nyumbani analalamika. Bunduki ni ya wananchi, anasema, jioni inarudi ghalani. Sasa wewe unabaki na nini, kama mtaa wako huujui? Sharti la pili ni kwamba ukishafyatua unataja risasi zako zimekwenda wapi, kwa sauti, wote wakisikia, kabla ya kuiendea karatasi.

"Sema kabla hujaona," hutuambia. "Ukishaona, kila mtu ni mkweli."

Nilidhani ni mbwembwe za kijeshi.

Basi jana tukapelekwa uwanja wa shabaha, upande wa Mlali, na bunduki za kweli, risasi tano kila mtu. Kushoto kwangu alilala Sharifa, msusi, binti mdogo ambaye kabla ya mafunzo haya hakuwa anajua hata mwenyekiti wa mtaa wetu anaitwa nani. Nilitulia. Nilibana pumzi, nikaminya, nikaminya. Nilipoulizwa nikataja kifua mbele: zote tano katikati, chini kidogo, kushoto. Sharifa akataja zake kwa sauti ya kuomba radhi: "Sijui, Afande. Nilifumba macho."

Tukaenda kwenye karatasi. Ya kwangu ilikuwa safi, nyeupe, kama imetoka dukani. Ya Sharifa ilikuwa na matundu matano yaliyokaa pamoja, katikati, chini kidogo, kushoto.

Watu wakaanza kumpigia makofi. Angenyamaza tu, jamani. Angenyamaza angeondoka pale amefaulu, na mimi nisingekuwa na ushahidi. Lakini akainua mkono na kusema, "Si zangu hizi. Mimi nimesema nilifumba macho."

Bado nikimkumbuka alivyosimama pale, kitambaa kimelegea kichwani, moyo unanijaa. Sijui kama mimi ningeweza.

Afande Chausiku akanigeukia. "Mama Zuhura, mkono wako mzuri sana. Ila umelenga ya mwenzio. Sifuri." Sote wawili tutarudia Jumamosi. Wenzangu walicheka njia nzima, na mimi nilicheka nao, lakini kile kicheko changu kilikuwa cha mdomoni.

Kwa sababu kwenye mkoba nilikuwa na orodha.

Mimi ndiye katibu wa kamati ya maji ya mtaa. Maji yetu ya bomba yanatoka kijito cha mlimani na siku hizi yanakuja na tope, watoto wanaharisha. Sheria inajulikana: usilime ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji. Kamati ilinituma niandike majina ya wanaolima huko, yasomwe mkutanoni leo. Nilipanda mwenyewe, nikaandika watu saba, kwa mwandiko mzuri.

Bustani yangu ya figiri na magimbi iko mita ishirini na tisa kutoka kwenye kijito hicho hicho. Nilipima kwa hatua mwezi uliopita, nikakaa kimya. Ni ardhi ya ukoo, ya upande wa mama kama ilivyo kwetu Waluguru. Bibi aliipa mama, mama akanipa mimi, na ndiyo imemsomesha Zuhura. Nilijiambia ya kwangu ni ndogo. Nilijiambia ya urithi haihesabiwi. Uongo una maneno mengi.

Leo saa nne mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasimama na orodha mkononi. Nikasema, kabla sijasoma jina la mtu yeyote, la kwanza ni langu, mita ishirini na tisa, na nitaondoa mazao yangu wiki hii. Halafu nikasoma wale saba.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa wale saba akaguna na kutoka nje. Mwingine akauliza kama atapewa muda avune mahindi, wakajadiliana, akapewa. Sharifa akauliza swali kuhusu miti ya kupanda pale kando, swali zuri. Lakini mimi nilikuwa namtazama mjomba wangu, kaka wa mama, msimamizi wa ardhi ya ukoo. Sikuwa nimemwambia. Nilipomsogelea na kumwamkia, shikamoo mjomba, alivaa kofia yake akaondoka bila kuitikia.

Katika maisha yangu yote hajawahi kuninyima marahaba. Nililia njia nzima.

Saa nane, nikiwa bustanini, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Alikuwa yeye, na panga na vijiti vya kuchomeka.

"Umepima mwenyewe?"

"Nimepima, mjomba."

"Tupime tena, nikiwepo."

Akaanza kwenye ukingo wa maji, anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Nikaona anafupisha hatua, mguu hauendi mbali na mwenzake. Alipofika sitini bado tulikuwa katikati ya figiri, nusu nzima ya bustani imepona. Akachomeka kijiti akanitazama, uso mkavu.

Nilitamani kukubali. Mungu ananiona, nilitamani sana.

"Mjomba," nikasema, "hizo ni hatua za bibi harusi."

Akajizuia, akajizuia, kisha mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akakichomoa kijiti. Tukarudi majini tukaanza upya, safari hii kwa hatua za mtu anayewahi shamba, na kijiti kikaangukia nje ya tuta la mwisho, ng'ambo ya magimbi ya bibi. Bustani yote iko ndani. Akakigongomea kwa ubapa wa panga mpaka kikashika.

Alipokuwa anaondoka nikamwamkia tena.

"Marahaba," akasema. "Bibi yako angekutandika. Halafu angekusaidia kung'oa."

Kesho alfajiri naanza na matuta ya figiri, magimbi nitayaacha ya mwisho. Afande amesema nitaje kabla sijaona, basi nataja: nitalia nikifika kwenye magimbi, na nitamaliza.